Sikio la Anadi-da

Mpaka mwaka jana, ukiuliza yadini kwetu kwa nini Anadi Karmakar aliacha kazi miaka miwili kabla ya muda wake, wangekuambia masikio yalimwisha. Wangekuambia kwa huruma kabisa, huku wanapuliza chai. Ulikuwa uongo mtupu. Mwenye uongo huo ni mimi, Nantu Jana, fundi mitambo, na nilitembea nao miaka mitatu uso mkavu, nikila, nikicheka, nikilala usingizi wangu. Adhabu ya yadini nimeshaipata, nayo ni ndogo. Hii ya kusimulia ndiyo inayoniuma, lakini nitasimulia.

Kwanza mjueni mtu mwenyewe.

Anadi-da, ndivyo tulivyomwita sisi wadogo zake kazini, kama mtu anavyomwita kaka yake mkubwa, alizaliwa Khagra, mtaa wa wafua shaba. Baba yake akimaliza sahani aliigonga kwa ukucha na kuitegea sikio. Ikilia vibaya inarudi motoni, hata kama mteja amesimama mlangoni. Mtoto akakulia humo. Alipokuja Kolkata kutafuta kazi kwenye yadi ya manowari, pale ukingoni mwa mto Hugli, hakujua kusoma mchoro, ila alijua chuma chenye ufa kinaliaje. Miaka thelathini na mitano baadaye alikuwa na cheo ambacho hakikuandikwa kwenye karatasi yoyote: mashine haiitwi nzima mpaka Anadi-da aisikilize.

Alikuwa na fimbo ya mti mgumu. Ncha moja kwenye mashine, ya pili kwenye mfupa nyuma ya sikio, macho kafumba. Watu wazima na digrii zao wanasimama kimya kumsubiri. Kisha anasema, "Beringi ya nyuma. Ya mbele msiiguse." Wakifungua, ni ya nyuma.

Masikio hayo aliyatunza kuliko macho. Watu wakigonga mabati, yeye ana pamba. Kibaridi cha kwanza kikipita mtoni, wenzake bado wamevaa shati jepesi, yeye tayari kavaa kofia ya sufu iliyomfunika mpaka kidevuni, kabaki pua na masharubu.

"Anadi-da," tukamchokoza, "unaogopa yaibiwe?"

"Yakiibiwa utanipa yako?" anajibu. "Yako, Nantu, hata mwizi akiyapata atayarudisha na kuomba radhi."

Tulicheka sana. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote, maana nilikuwa mtu wake. Alinichukua nikiwa sijui hata kushika spana, akanifundisha, akanilisha. Siku za Jumapili nilikuwa kwake Khidirpur, nakaa sakafuni kama mdogo wake wa tumbo moja, na mkewe, niliyemwita Boudi kama anavyoitwa mke wa kaka, ananiongezea samaki bila kuniuliza.

Sasa tukapewa kujenga korveti, manowari ndogo ya kuwinda nyambizi. Wachoraji walikuwa wamekuna vichwa miaka mingi juu ya jambo moja: kimya. Nyambizi haionekani, inasikilizwa tu. Meli yenye kelele haisikii kitu, halafu yenyewe inasikika toka mbali, inakula topido kabla haijajua imepigwa na nani. Kwa hiyo pampu na injini za meli ile hazikufungwa kwenye bodi yake. Zilikaa juu ya vitanda vikubwa vya chuma, na vitanda vikakaa juu ya miguu ya mpira, ili mtetemo ufie humo mpirani usifike majini.

Injinia Sharmistha, mwanamama mfupi aliyesimamia chumba cha pampu, alituimbia kila asubuhi: "Chuma kisiguse chuma! Kijiko kikidumbukia hapo kati, mmeniharibia meli nzima. Mmenisikia?"

"Tumesikia, mama!"

Mimi nilisikia kama wengine. Lakini kitanda cha juu ya mpira kinanesanesa, na huwezi kunyoosha shafti ya pampu juu ya kitu kinachonesanesa. Basi unapigilia kabari za chuma kati ya kitanda na bodi, kitulie, unanyoosha shafti, kisha unazitoa zote. Kila fundi alikuwa na kabari zake sita, nyekundu, zimegongwa nambari yake. Nambari yangu ilikuwa arobaini na moja.

Ilikuwa Septemba, kesho yake ni puja, sikukuu ya ibada ya Bishwakarma. Anayejua karakana za kwetu anajua maana yake. Jioni ya kuamkia siku hiyo kila chombo kinaoshwa, kinahesabiwa, kinapangwa mbele ya mungu wa mafundi, nyundo kwa spana mpaka bisibisi, na siku nzima ya puja hakuna mkono unaogusa chombo. Kugusa ni kumdharau. Kupunguza ni kumnyima.

Anadi-da akaja na fomu yake ya ukaguzi. "Kabari zote umetoa?"

"Zote, kaka."

Akatia sahihi. Hakuinama kuangalia, kwa sababu niliyemjibu ni mimi.

Kwenye kuhesabu nikakuta tano. Nikatafuta mfukoni, nikatafuta sandukuni, wapi! Nikajisemea imeanguka mtoni. Na hapo watu walikuwa na hasira, kwani wiki ile waya wa kreni ulikatika ukamvunja mguu fundi rangi mmoja, na minong'ono ilikuwa imejaa: nani kamuudhi Bishwakarma mwaka huu? Mimi niende mbele ya watu hao na kabari tano? Nikachukua kipande cha chuma chakavu, nikakikata, nikakipaka nyekundu, nikakigonga nambari yangu, nikakiweka madhabahuni pamoja na zile tano. Chombo bandia mbele ya mungu! Asubuhi kasisi alipopita kubariki vyombo, vidole vyake vikatoka vyekundu kwa rangi yangu mbichi. Watu wakadhani ni ile poda ya baraka, wakainamisha vichwa.

Mchana, tumeshiba khichuri, wali wa dengu wa sikukuu, vishada vinashindana angani na watu wanapiga kelele kila uzi ukikatwa, ndipo nikakumbuka. Kulia, nyuma, chini ya kitanda cha pampu kubwa. Nilikuwa nimeiacha niitoe mwisho kwa sababu ilikaza.

Kuitoa ni kwa nyundo. Nyundo iko mbele ya mungu. Nikasema kesho.

Kesho yake nilifika nimechelewa, tumbo limevurugika kwa nyama ya mbuzi ya jana, nikawakuta wenzetu wa kuzuia sauti wameshafunga paneli zao pande zote na sakafu imeshalazwa. Ningesema siku ile ningetukanwa dakika kumi na Injinia Sharmistha, basi. Lakini angeuliza, "Mbona kabari zilihesabiwa zikatimia?" Na hapo yadi nzima ingejua nilimpelekea Bishwakarma chuma chakavu. Nikapiga kimya. Nilikuwa mwoga, sina jina lingine la kujipa.

Februari wakawasha pampu kwa mara ya kwanza, meli ikiwa imefungwa gatini. Injinia Sharmistha alikuwa amebandika vipimo vyake kila mahali na nyaya zimetapakaa. Anadi-da akaweka fimbo, akafumba macho. Akakaa hivyo muda mrefu kuliko kawaida.

"Kuna kitu kinagusa," akasema. "Kulia. Nyuma."

Jamani, nikainamia zile nyaya nikajifanya nazipanga.

Injinia akatazama kioo cha vipimo vyake. "Anadi-da, namba ziko ndani ya kiwango. Ziko juu kidogo, lakini ndani."

"Namba zinasikia na feri zinazopita, mama, na nyundo za gati ya pili. Mimi nasikiliza hii tu. Kinagusa."

"Tufungue sakafu yote na paneli kwa sababu ya fimbo?" Hakusema kwa dharau. Alikuwa na tarehe za kumalizia kazi zinamnyonga. "Kuna mwingine anayesikia?"

Anadi-da akanigeukia. Alinipa fimbo mwenyewe, kwa mkono wake, kwa kujiamini kabisa. "Nantu nimemfundisha mimi. Sikiliza, mdogo wangu."

Nikaweka fimbo sikioni. Nilisikia. Naapa, hata kiziwi angesikia. Chini ya mvumo wa pampu kulikuwa na kitu kinagonga, ti, ti, ti, kabari yangu ikiongea na bodi ya meli.

"Sisikii kitu, kaka," nikasema.

Hakunibishia. Laiti angenibishia! Alichukua fimbo, akasikiliza tena, akaitoa, akalifuta sikio kwa kitambaa kana kwamba lina uchafu. Akasikiliza mara ya tatu mbele ya watu wote, na mmoja nyuma akacheka, "Labda ni kofia ya sufu, Anadi-da!" Yeye akatabasamu. Akamwambia Injinia, "Basi ni mimi, mama. Umri. Andika ni safi."

Kuanzia siku hiyo alikuwa akisikiliza mashine kisha ananiuliza mimi pembeni, kwa sauti ya chini, "Nantu, na wewe unasikia hivyo?" Fundi aliyekuwa akiwanyamazisha wahandisi! Aprili akaandika barua mwenyewe ya kuacha kazi. Alisema meli ya kimya haiwezi kuachiwa mtu asiyeliamini sikio lake. Tukamvisha taji la maua, tukala peremende za maziwa, nami nilimbebea mfuko wake mpaka getini.

Mngedhani imeishia hapo. Haikuishia.

Novemba meli ikaenda baharini kujaribiwa, ikarudi na aibu yake: kwenye kina, mahali pasipo na feri wala nyundo, vinasa sauti vya majini vilisikia ti, ti, ti. Injinia Sharmistha hakulala siku mbili. Sakafu ikafunguliwa. Nani ashuke? Nikajitolea mimi. Nikatambaa chini ya kitanda, nikaitoa kabari, nikaitia ndani ya shati, ubavuni, nikatoka na bolti mkononi. "Hii ililegea huko baharini, kushoto, mbele," nikasema. "Nilikuwa naisikia kwa mbali."

Wakanipigia makofi. Injinia akasema mbele ya watu, "Anadi-da alijua kuchagua mwanafunzi." Nikapewa kazi ya Anadi-da. Miaka mitatu, manowari mbili zilizofuata, mimi ndiye sikio la yadi, wananisubiri kimya nifumbe macho. Na kwake Khidirpur sikukanyaga. Akipiga simu nasema nina kazi. Si kwamba nilimsahau. Nilikuwa naogopa kuangaliwa na Boudi wakati ananiongezea samaki.

Mwaka jana siku ya puja, mageti yakafunguliwa kwa familia kama desturi, naye Anadi-da akaja. Kakonda. Alinitafuta kwenye umati, akanikuta nimesimama karibu na madhabahu, akanishikisha ile fimbo yake mbele ya mafundi wote. "Kaa nayo," akasema. "Mimi naisumbua bure. Iko nyumbani inanitazama tu."

Watu wakashangilia. Mimi nilitamani ardhi inifungukie niingie mzimamzima. Nikaipokea, nikainamisha kichwa kama anayebarikiwa. Lakini usiku ule sikupata hata lepe la usingizi, na asubuhi nikachukua feri, nikanunua boksi la sondesh kama mjinga, mtu gani anapeleka peremende kwenye jambo kama hilo, nikaenda.

Boudi alifungua mlango. "Lo! Umeikumbuka njia?"

Anadi-da alikuwa kitandani na gazeti. Sikukaa. Nikasema yote wima, haraka, kabla woga haujanirudia: kabari, chuma bandia, ti-ti-ti niliyoisikia nikasema sisikii, bolti ya uongo, makofi. Nilipomaliza, mafuta yalikuwa yanachemka jikoni.

"Rudia," akasema Anadi-da.

Nikarudia.

"Kulikuwa na kitu kinagusa."

"Kulikuwa, kaka."

"Upande gani?"

"Kulia. Nyuma."

Akaruka kutoka kitandani, mzee wa miaka sitini na moja. "Nilisema kulia! Boudi yako ni shahidi, nilikuja hapa siku ile nikamwambia, nimesikia kulia nyuma! We mwanamke, sikusema?"

Boudi alishatoka jikoni. Alikuwa ananitazama mimi, na mwiko mkononi. "Miaka mitatu," akasema taratibu, "mlango ukigongwa mtu huyu ananiangalia mimi kwanza, kama nimesikia na mimi, ndipo ainuke. Nikimwita mara moja hageuki, anasubiri nimwite mara ya pili, asije akawa amejizulia. Shaba za baba yake aliziuza zote kwa sababu alisema hajui tena zinaliaje. Na wewe mwanzoni ulikuwa hapa, Nantu, umekaa pale, umekula kwangu."

"Nipige, Boudi," nikasema.

"Nikupige nichafue mwiko?"

"Mwache!" Anadi-da alikuwa anatafuta viatu, anacheka, machozi yanamdondoka masharubuni. "Mwache, mtu kaja kwa miguu yake. Nantu, njoo. Njoo uwaambie."

"Niwaambie akina nani, kaka?"

"Watu! Wote hapa wananijua kiziwi!"

Akanishika mkono kama mtu anayempeleka bwana harusi, akanitoa uchochoroni. Hasira angekuwa nayo ningeivumilia, nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Furaha ile sikuwa nimejiandaa nayo. Mlango wa kwanza ni wa mshona nguo. "Mwambie," akasema, na nikasema: kosa lilikuwa langu, yeye alisikia sawasawa, mimi nikamkana. Mshona nguo akanitazama kutoka juu mpaka chini, sindano mdomoni. Mlango wa pili, mwalimu mstaafu, akaita na wanawe waje kusikiliza. Nikasema tena. Muuza muri, zile bisi za mchele, akauliza toka pembeni, "Ndiye huyu aliyekuwa anakuja Jumapili?" na Anadi-da akajibu kwa fahari, "Ndiye huyu!" kana kwamba nimeleta medali. Kila mlango maneno yalikuwa yanazidi kuwa mazito kinywani, na kila mlango yeye alikuwa anazidi kusimama wima.

Boudi alitufuata nyuma, ameifunga sari kiunoni. Tulipofika mlango wa nne, wa bibi mmoja mjane, akanivuta shati.

"Ujue na hili," akaninong'oneza. "Mwaka huu tangu Machi masikio yake yameanza kuondoka kweli. Daktari kapima, kasema ni umri tu, hakuna dawa. Anatuficha, anadhani sijui. Kabla ya hapo yalikuwa mazima, Nantu. Karibu miaka mitatu mazima kabisa, kakaa nayo humu ndani hayaamini."

Nikageukia mlango.

Mjane alikuwa ametoka, anajifuta mikono, anauliza kuna nini. "Sema, Nantu," akasema Anadi-da. Nikasema. Nilisema vizuri, bila kumumunya, kwamba sikio la Anadi Karmakar lilikuwa zima na aliyeidanganya yadi ni mimi. Mjane akaziba mdomo kwa mkono. Anadi-da alikuwa bado ananingoja, anatabasamu.

"Sema basi," akasema.

"Nimesema, kaka."

Akasogea karibu, akanigeuzia sikio la kushoto. "Paza sauti kidogo. Kelele za huku mtaani zimezidi."

Uchochoro ulikuwa kimya. Nikapaza sauti, madirisha ya juu yakafunguka, mtaa mzima ukasikia nilichofanya, na yeye alikuwa ananikazia macho mdomoni. Ilibidi niseme mara ya tatu ndipo akaitikia kwa kichwa.